Natafuta Watatu Wanaonipenda

Jumatano, 1 Heshvan

Nimeota vibaya na sitamwambia mtu. Ndoto hutimia kwa namna ile alivyoifasiri wa kwanza kuisikia, ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo ninavyoamini. Na hapa Safed, katika jengo hili, wa kwanza kusikia lolote ni Ruhama Vaknin wa ghorofa ya juu, mjane ambaye mdomo wake hauna breki. Kwa hiyo naandika. Kalamu haifasiri kitu.

Daftari hili lilikuwa la marehemu mke wangu, Simha. Kurasa za mwanzo ni biringanya, sabuni na uzi mweupe. Nimeanzia alipoishia.

Ndoto ni hii. Boriti za paa langu zinaanguka moja moja, bila kishindo. Chini yake binti yangu Yemima ananiita. Nami badala ya kumkimbilia nimeinama mezani natafuta kalamu, kwa sababu boriti zimeandikwa maneno na neno moja limekosewa.

Niliamka shuka imelowa jasho. Paa langu ni la zege, halina boriti hata moja.

Alhamisi, 2 Heshvan

Nimekagua mezuza kumi na moja za familia moja, yale maandiko ya Torati yanayobandikwa milangoni. Nne hazifai. Mwenye nyumba alininunia utadhani mimi ndiye niliyezikosea.

Jumapili, 5 Heshvan

Ndoto imerudi, boriti zilezile na sauti ileile. Yemima yuko Haifa na hatujazungumza miaka minne.

Dawa ipo, na imeandikwa kwenye kitabu cha sheria. Aliyeota ndoto ikamfadhaisha aende asubuhi mbele ya watu watatu, awaambie ameona ndoto njema. Hawaelezi aliota nini. Wao wamjibu kwamba ni njema, na iwe njema, mara saba, kisha zisomwe aya zilizopangwa. Vinywa vyao ndivyo vinavyoifasiri, na ikishafasiriwa vizuri inageuka kuwa nzuri. Nimeshaona watu wengi wakifanya hivyo baada ya sala ya asubuhi, dakika tano tu, kisha wanakwenda kazini.

Jumatatu, 6 Heshvan

Nilimfuata Pinhas, mtunza sinagogi yetu, alipokuwa anakunja shali za sala.

"Nina ndoto ya kugeuza," nikamwambia.

"Hilo tu? Watatu nitakupa sasa hivi. Nitakupa hata kumi, wamekaa pale wanangoja chai."

"Kitabu kinasema watatu wanaompenda."

"Eeh?"

"Hakisemi watatu wowote, Pinhas. Kinasema watatu wanaompenda. Wale pale wananipenda?"

Pinhas aliwatazama, akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee Hananya," alisema akijifuta machozi, "kwa masharti hayo, ndugu yangu, itabidi uende na hiyo ndoto kaburini."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nimetembea na kauli hiyo siku nzima.

Jumanne, 7 Heshvan

Jioni iliyopita tumeanza kuomba mvua katika sala. Anga ni kavu, vumbi tupu. Barzilai, msomaji wetu, aliongoza sala leo na nilimsahihisha mara moja.

Jumatano, 8 Heshvan

Niwe mkweli kwenye daftari hata kama siwi kwingine. Kazi yangu ni kutafuta kosa. Vikaratasi vya ngozi vya kwenye miimo ya milango, magombo ya Torati, vyote hupita mbele ya macho yangu. Herufi ikipasuka au ikigusa mwenzake, andiko zima halifai. Miaka arobaini na sita nimewaambia watu kwamba kitu walichokibusu kila walipoingia nyumbani hakikuwa halali. Nina miaka sabini na moja. Nilichukua kalamu niandike majina ya watatu wanaonipenda.

Niliandika Simha, nikamfuta, maana wafu hawahesabiwi. Kaka yangu Ovadya naye ni marehemu. Ukurasa ukabaki mweupe, nikaenda kuosha vyombo.

Jumapili, 12 Heshvan

Nimefunga leo kwa ajili ya ndoto, bila chakula wala maji, kama wengine wafanyavyo. Saa nane mchana kizunguzungu kikanipata ngazini, nikakaa chini. Nani akanikuta? Ruhama, na kapu lake la vitunguu.

"Wee Hananya! Unakufa kwenye ngazi zangu?"

"Ngazi ni za wote."

"Haya, hufi. Maiti habishi." Akanishika mkono. "Umefunga? Leo si siku ya kufunga. Umeota?"

Sijui ilikuwa njaa au udhaifu wa uzee. Nikasema, "Boriti za nyumba." Maneno matatu tu, sikumtaja Yemima.

Naye hapohapo, mdomo ule usio na breki: "Boriti? Uuuwi, basi kuna mtu wa nyumba hii anaondoka."

Halafu akajipiga mdomo kwa kiganja. Tulitazamana. Sote wawili tunajua sheria ya ndoto. Yeye ndiye wa kwanza kusikia, na hivyo ndivyo alivyofasiri.

"Sikusema," akanong'ona.

"Umesema."

Alipanda kwake akiacha vitunguu viwili ngazini. Nina hasira naye, na nina hasira na nafsi yangu zaidi.

Jumatatu, 13 Heshvan

Hakuna mvua. Sikulala vizuri.

Jumatano, 15 Heshvan

Ruhama amegonga mlango akiwa na bakuli la kuskusi lililofunikwa kwa sahani. Hakuingia.

"Kuna jambo nilikuficha," alisema, macho chini. Sijawahi kumwona Ruhama macho chini. "Yemima hunipigia simu kila Ijumaa. Huniuliza kama unakula."

Nilishika kitasa cha mlango.

"Ni mjamzito, Hananya. Atajifungua mwezi wa Teveti, kama miezi miwili hivi. Daktari amemwambia alale tu, asinyanyuke, presha iko juu. Alinikataza nisikuambie. Lakini baada ya ule mdomo wangu siwezi kunyamaza, nisamehe."

Kuna mtu wa nyumba hii anaondoka. Nilimfungia mlango usoni, bakuli likabaki mikononi mwake. Baadaye nikasikia akiliweka chini, kwenye sakafu ya nje.

Alhamisi, 16 Heshvan

Nimekula kuskusi. Ilikuwa imepoa na ilikuwa nzuri mno.

Jumapili, 19 Heshvan

Sasa lazima nipate watatu, sheria iwe na masharti isiwe nayo. Nilikaribia kumwambia Pinhas aniitie wale wa chai. Nilifika mpaka mlangoni. Wakati huo mmoja wao alikuwa anasema, "Angalieni, polisi wa herufi anakuja," na wenzake wakanyamaza. Kinywa cha mtu anayesema hivyo kitageuzaje ndoto yangu? Kitasema njema, na moyoni kinasema ovyo. Nikarudi nyumbani.

Jumatano, 22 Heshvan

Mvua ya kwanza! Imenyesha nusu saa, uchochoro wote ukanuka udongo. Watoto walitoka nje na vikombe. Nilimkumbuka Yemima akiwa na miaka mitano, kikombe kichwani, akisema anavuna.

Jumapili, 26 Heshvan

Ndoto, mara ya tatu. Safari hii kalamu niliipata.

Jumapili, 3 Kislev

Nimekwenda kwa Barzilai. Ameusoma mlango wa Torati kila Sabato kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka kumi na tisa nimekaa safu ya pili nikimsahihisha kwa sauti, kila irabu, mbele ya watu wote. Kama kuna mtu ana haki ya kunichukia mjini hapa ni huyu. Lakini nilikuwa nimebakiwa na nani?

Ni fundi wa majiko. Alikuwa amelala chini ya jiko la mtu, miguu tu inaonekana.

"Bwana Turjeman," miguu ikasema. "Nimekosea nini tena? Sijasoma tangu jana."

"Barzilai, nina swali, na naomba jibu la kweli. Wewe unanipenda?"

Miguu ikajikunja. Bisibisi ikaanguka. Akajisogeza akatoka, uso mweusi wa masizi, akakaa sakafuni.

"Unaumwa?"

"Nimeota. Nahitaji watatu wanaonipenda."

Alijifuta mikono taratibu. "Nikwambie. Kila Alhamisi najifunza mlango wa wiki mpaka mke wangu ananizimia taa. Ananiuliza, unajiandaa hivi kwa ajili ya Mungu? Namwambia hapana, Mungu anasamehe, ni kwa ajili ya Turjeman." Akacheka peke yake. "Ulipolazwa hospitali mwaka juzi nilisoma nikakosea mara nne. Mara nne! Hakuna aliyeinua kichwa. Wamesinzia, wanaangalia saa. Nilirudi nyumbani nikajiona mpweke sana, nikwambie ukweli. Nikajua katika watu wote wale ni mmoja tu anayenisikiliza."

"Hilo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo, mzee. Sasa shikilia hiyo tochi."

Nilimshikia tochi mpaka akamaliza jiko. Miaka kumi na tisa nilidhani ananiwekea kinyongo. Nimekagua maelfu ya herufi, na huyu mtu mmoja aliyekuwa mbele yangu kila wiki sikuwahi kumsoma.

Jumatatu, 4 Kislev

Nimempata mmoja.

Jumatano, 6 Kislev

Nimepanda kwa Ruhama. Mara ya kwanza tangu mazishi ya Simha. Nilimrudishia bakuli lake, nikamwuliza swali lilelile.

"Kupenda? Mimi? Wewe?" Alishika kiuno. "Nakupenda kama ninavyolipenda goti langu bovu. Linanitesa kila siku, lakini akija daktari na msumeno nitamkimbiza."

"Kwa sheria naona inatosha."

"Lakini mimi ndiye niliyeiharibu hiyo ndoto."

"Ndiyo maana kinywa chako kinahitajika. Kilichosema vibaya kiseme vizuri."

Akaanza kulia, nami sijui la kufanya mtu anapolia, kwa hiyo nilimkagulia mezuza ya mlango wa jikoni. Iko salama.

Jumapili, 10 Kislev

Wawili. Mvua siku tatu mfululizo, ukungu umeingia mpaka ndani ya chumba. Nimewaza wanafunzi wangu wa zamani. Niliwafundisha sita, wanne walikimbia kabla ya kumaliza. Wawili hawaniamkii.

Jumatano, 13 Kislev

Ruhama anasema presha ya Yemima imepanda tena. Amelazwa hospitali Haifa.

Alhamisi, 14 Kislev

Hakuna wa tatu.

Jumapili, 17 Kislev

Nitaandika habari ya harusi ya Yemima. Sijawahi kuiandika.

Ilikuwa ukumbini, nje baridi, wageni mia mbili, chakula tayari. Rabi alikuwa anasoma hati ya ndoa ili mashahidi watie saini, nami nikainama begani kwake kama ninavyoinama siku zote. Jina la baba wa bwana harusi lilikosa herufi moja. Nikapaza sauti: hati haifai. Muziki ukakatika. Rabi akasema tutasubiri. Mwandishi akaitwa kutoka mtaa mwingine, akaja amelowa, akaandika upya kuanzia neno la kwanza. Masaa matatu. Wageni waliondoka kwa makundi. Bibi yake bwana harusi Oded, mama wa huyohuyo baba ambaye jina lake nilililinda, alikuwa na miaka tisini na mbili. Alichoka, wakamrudisha nyumbani kabla ya mjukuu wake kusimama chini ya hema la ndoa. Alifariki baada ya wiki mbili.

Yemima aliniambia neno moja tu usiku ule: "Umeridhika?" Nikajibu, "Nilikuwa sahihi." Ndilo jibu nililompa kila alipopiga simu, mpaka akaacha kupiga.

Sasa ndilo ambalo sijamwambia mtu, hata Simha mgonjwa kitandani aliponisihi. Rabi alinong'ona sikioni mwangu kwamba herufi inaweza kuandikwa juu ya mstari, mashahidi waithibitishe chini, na hati ni halali. Dakika mbili. Alikuwa anasema kweli. Sheria inaruhusu, na mimi ninaijua kuliko yeye. Nikamwambia, "Hati ya binti yangu haitakuwa na kiraka." Sikuwa nailinda sheria. Nilitaka hati safi, na ukumbi wote ujue nani amelishika kosa.

Sikuwa sahihi. Nimeandika, na sifuti.

Jumatatu, 18 Kislev

Nilipiga simu. Akapokea Oded. "Shalom, Bwana Turjeman," alisema kwa upole, kana kwamba tulizungumza jana. Nikasikia akizungumza na mtu pembeni. Kisha: "Samahani sana. Amesema hapana."

Nilimshukuru. Niliishika simu muda mrefu baada ya kukatika.

Jumanne, 19 Kislev

Nimepiga. Hapana.

Jumatano, 20 Kislev

Nimepiga. Oded alisema, "Endelea kupiga, baba." Ameniita baba. Mtoto wa watu, niliyemharibia harusi.

Alhamisi, 21 Kislev

Hapana.

Jumapili, 24 Kislev

Kesho asubuhi ni siku ya kwanza ya Hanuka, sikukuu yetu ya taa. Nimewasha mshumaa wa kwanza peke yangu dirishani, ukungu nje ukawa wa njano. Ruhama alipiga sakafu yake kwa fimbo mara tatu, nami nikapiga dari yangu kwa ufagio. Ndiyo sherehe yetu.

Jumatano, 27 Kislev

Ndoto tena. Boriti zote zimekwisha kuanguka, na sauti haiiti.

Sikungoja hata kunywa chai. Niliwaita Ruhama na Barzilai, wakaja wakiwa na baridi, Ruhama na sahani ya maandazi ya jemu, Barzilai na mfuko wa vyombo vyake vya kazi. Nikaweka simu katikati ya meza, nikafungua sauti ili wote wasikie, nikapiga.

"Oded, mwambie sitaki anijibu. Mwekee tu simu sikioni."

Akaiweka. Nilisikia pumzi, nikaijua.

"Yemima. Herufi ile ingeweza kuandikwa juu ya mstari. Rabi aliniambia na nilijua. Bibi angeona harusi. Sikuwa sahihi."

Barzilai alikuwa anatazama kucha zake.

"Nina ndoto ya kugeuza, nayo inataka watatu wanaonipenda. Nimewapata wawili, Ruhama na Barzilai msomaji. Wa tatu sina. Kama huwezi, kata simu, nitaelewa. Sitakulaumu wala kukuuliza tena."

Haikukatika. Ruhama alinibana mkono kwa kucha zake.

Hapo akilini mwangu liliinuka swali: je, mtu wa kwenye simu anahesabiwa kuwa yupo mbele yako? Ni swali zito la sheria, kuna hoja pande zote mbili, na Pinhas angenipeleka kwa rabi. Sikwenda kuuliza.

"Kitabu ninacho," sauti ya Yemima ikasema. Ilikuwa imekauka. "Cha mama. Ukurasa gani?"

Nilimtajia ukurasa. Nikasimama, nikasema nimeona ndoto njema. Wakajibu watatu, Barzilai kwa sauti ya sinagogini, Ruhama akilia, Yemima taratibu kutoka Haifa, kwamba ni njema na iwe njema. Mara saba. Kisha aya, kila mmoja zamu yake. Ikafika zamu ya Yemima, ile aya ya maombolezo kugeuzwa kuwa ngoma. Akairuka herufi, neno likaharibika kabisa, likawa halina maana.

Kichwa cha Barzilai kikainuka. Alinitazama, na Ruhama naye akanitazama. Ulimi wangu ulikwishagusa meno. Nikaung'ata.

Yemima alisoma maneno mawili mengine, akasita.

"Baba?"

Sikujibu. Niliogopa nikifungua mdomo litatoka sahihisho.

"Baba, nimekosea pale. Mbona husemi?" Sauti ikapanda. "Ruhama, ana nini? Amekaa? Mshikeni! Baba, unaumwa? Oded, nipe viatu vyangu, baba haongei!"

"Lala chini!" nilipiga kelele. "Siumwi! Daktari amesema ulale!"

Nikasikia kitanda kikilia chini yake. Halafu akaanza kucheka, kicheko chenye kamasi na machozi, na nyuma yake Oded akiuliza kuna nini, kuna nini.

Barzilai aliinua vidole vitatu juu ya meza, akinionyesha. Nilikuwa nimeshahesabu.

"Basi nisahihishe," akasema Yemima, "nimalize."

Nikamtamkia neno, herufi kwa herufi, polepole, naye akalirudia.